Aya Iliyokatwa

Jumamosi ile Ionie Benn alivuka mto kwenda sokoni Mackenzie na trei mbili za keki ya muhogo, akarudi Wismar nazo zote mbili. Mvua haikunyesha na soko lilijaa. Wateja wake walipita wakimtazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua, kwa pembe ya jicho, miguu tayari. Mama mmoja aliyekuwa mteja wake kwa miaka sita alimwambia ameacha vitu vitamu, sukari imepanda mwilini. Kisha akasogea meza ya tatu akanunua maandazi ya nazi.

Nyumbani, mama yake mzazi, Bibi Eunetta, alikuwa amekaa barazani akichambua kunde.

"Umeuza ngapi?"

"Sijauza."

"Hata kipande?"

"Mama, nimesema sijauza."

Bibi Eunetta alilitazama jarida lililokuwa juu ya kiti. Lilikuwa na jalada la bluu, na picha ya jengo la shule kilimani. Lilitoka Jumatano, siku ya jubilei ya miaka arobaini ya shule, na mmoja wa wahariri wake wawili alikuwa mjukuu wake, Odessa, wa kidato cha tano. Siku ile bibi alilipitisha nyumba kwa nyumba akionyesha jina la mjukuu. Alhamisi mtu alimrudishia nakala ikiwa imekunjwa kwenye ukurasa wa kumi na tisa.

Ukurasa ule ulikuwa na habari fupi isiyo na jina la mwandishi. Ilisema kwamba ndani ya tangi la maji la jikoni kulikuwa na popo waliokufa. Mpishi aliwaona kwa macho yake. Wiki tatu wanafunzi walipikiwa kwa maji hayo, wakanywa maji hayo, na wengine wakaharisha mpaka wakalazwa.

Mpishi wa shule alikuwa Ionie.

"Wasomi wa nyumba hii," bibi alisema kwa sauti ya kumfikia Odessa ndani. "Wamemwandika mama yao gazetini kama mchawi."

Odessa alitoka na kalamu sikioni. "Bibi, mimi sikuiandika. Iliwekwa kwenye sanduku la maoni. Hata kumtaja jina hawakumtaja."

"Wapishi wako wangapi pale?"

Odessa aliitoa kalamu sikioni. Ukweli ni kwamba alipoipitisha habari ile alidhani anaitendea shule jambo la haki. Kuhusu mama yake alikuwa amejiambia kwamba kila mtu anamjua mama yake. Hakufikiri zaidi ya hapo, na sasa aliona aibu kwamba hakufikiri.

"Aliyeandika anakujua vizuri," Bibi Eunetta alimwambia Ionie. "Anajua ngazi ya tangi iko wapi. Mimi ningekuwa wewe ningewaangalia wale wasichana wanaokusaidia kuosha sufuria."

"Mwache aliyeandika," Ionie alisema, akaingiza trei ndani.

*

Jumatatu sufuria ya wali wa kunde ilirudi jikoni shuleni ikiwa imejaa kama ilivyotoka. Saa nane Ionie aliitwa ofisini akaambiwa apumzike nyumbani kwa muda. Hakuambiwa muda gani. Alivua aproni, akaikunja, akaondoka nayo kwa sababu ilikuwa yake.

Saa tisa waliitwa wahariri. Odessa aliingia na mwenzake, Hemchand Ramsundar, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya shule. Mwalimu mkuu, Bi. Claudette Trotman, alikuwa na jarida mezani. Kabla halijachapwa alisoma ukurasa mmoja tu, ule wenye salamu zake.

"Kaeni. Nani ameandika hii?"

"Hatujui, Mwalimu," Hem alisema. "Haikuwa na jina."

"Hamjui. Mnachapisha kitu hamjui kimetoka kwa nani."

"Tuliwaahidi wanafunzi kwamba asiyetaka kutaja jina hatalazimishwa," Odessa alisema.

Bi. Trotman alimgeukia. "Mama yako ndiye mpishi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hukuona ajabu? Mtu anamsema mama yako, wewe unamsahihishia herufi?" Alitabasamu kidogo. "Au mlikubaliana nyumbani?"

Odessa alihisi masikio yakiwaka moto. Hem alikuwa anatazama sakafu.

"Nataka vitu viwili kabla ya mkutano wa wazazi Ijumaa," mwalimu mkuu aliendelea. "Cha kwanza, karatasi yenyewe iliyoandikwa kwa mkono. Mwandiko nitautambua mimi. Cha pili, mtaandika ukurasa mmoja, tafakuri ya wahariri. Mmejifunza nini katika kutengeneza jarida hili, mmekosea wapi, mnaomba radhi kwa nani. Utabanwa kwa pini ndani ya kila nakala. Odessa, wewe unataka chuo cha ualimu, sivyo? Barua ya sifa inatoka ofisi hii."

Nje, kwenye korido, Hem alisema, "Karatasi zote unazo wewe."

"Ziko kwenye bahasha, nyumbani."

"Basi mpe tu. Mwandiko wenyewe ule wa penseli, herufi kubwa zote. Atamtambua nani?"

"Tuliahidi, Hem."

"Tuliahidi kabla hatujajua atatutishia."

*

Bahasha ilikuwa chini ya kitanda, pale alipoiacha. Odessa alizimwaga karatasi kitandani: mashairi, vichekesho, taarifa ya kriketi, salamu za mwenyekiti wa mkoa. Alizipanga kwa ukurasa. Kumi na nane. Ishirini. Ya kumi na tisa haikuwemo.

Alirudia mara mbili. Kisha akakaa akifikiri ni nani aliyewahi kuigusa bahasha ile. Jumapili Hem alipita pale kuchukua rula yake. Alikaa chumbani peke yake wakati Odessa anamtilia juisi. Na leo alikuwa na haraka sana ya kusema mpe tu.

Alivaa viatu akaenda dukani kwa akina Ramsundar. Hem alikuwa anapanga madaftari, na baba yake yuko kwenye mashine ya kurudufu akimhudumia mteja.

"Umeichukua," Odessa alisema.

"Nimechukua nini?"

"Usinifanye mjinga. Ukurasa wa kumi na tisa. Umempelekea nini? Amekuahidi nini?"

Hem aliweka madaftari chini. "Punguza sauti."

"Jumapili ulikaa chumbani peke yako."

"Nilichukua rula. Rula, Odessa." Alitazama upande wa baba yake, ambaye alikuwa ameacha kazi na anasikiliza. "Na mimi nikuulize. Bahasha ni yako, nyumba ni yako, mama anayesemwa ni wako. Karatasi imepotea mikononi mwako, unakuja kunitafuta mimi?"

"Unasema nimeificha?"

"Nasema mtu akipotelewa na kitu aanze kutafuta kwake."

Baba yake Hem aliuliza kutoka kule mashineni, "Kijana wangu ameiba nini?"

"Hakuna, mjomba," Odessa alisema, akatoka.

Tangu siku hiyo hadi Alhamisi hawakusemeshana. Darasani walikaa dawati moja kama watu waliopangwa na serikali. Kila mmoja alifunika daftari lake kwa mkono akiandika. Wenzao walianza kusema wahariri wamekwisha kula njama, ila hawakujua ni njama gani.

*

Alhamisi baada ya shule Odessa alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika ile tafakuri. Ionie alikuwa anamenya ndizi mbichi kwenye beseni. Siku nne za kukaa nyumbani zilikuwa zimemfanya asafishe kila kitu kilichosafishika, hata vizingiti vya madirisha.

"Nisomee," alisema.

"Ni ya shule tu, Mama."

"Nisomee hiyo ya shule."

Odessa alisoma. "Sisi wahariri tumejifunza mengi katika kazi hii. Tumejifunza kushirikiana, kuheshimu muda na kuchagua maneno. Tunakiri kwamba katika ukurasa wa kumi na tisa hatukupima maneno yetu vya kutosha, na tunaomba radhi kwa uongozi wa shule."

"Kwa uongozi," Ionie alirudia.

"Ndivyo alivyotaka."

Ionie aliikata ndizi vipande, akavitia majini. "Na pale pa ofisini, mbona mlipaondoa?"

"Pa ofisini wapi?"

"Pale aliposema mpishi alikwenda ofisini mara tatu."

Kalamu ya Odessa ilisimama. Aya ile haikuchapwa. Aliikata mwenyewe, jioni ya mwisho, kwa sababu picha ya mwenyekiti wa mkoa ilikuja kubwa kuliko walivyotarajia na ukurasa ukakosa nafasi. Maneno yale yalikuwa yamesomwa na Hem, na yeye, na mtu aliyeyaandika.

"Mama."

Ionie aliendelea kukata ndizi.

"Mama, ni wewe?"

"Ulikuwa unasema hapa hapa mezani, kila siku. Jarida letu mtu yeyote anasema. Hatuulizi jina. Nikasema, haya. Mimi ofisini sikusikilizwa. Labda huko nitasikilizwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeandika wewe, kwa lugha yako nzuri. Halafu mwalimu mkuu angejua ni wewe." Alijifuta mikono. "Nikaandika kwa herufi kubwa usinijue. Na hukunijua."

Odessa alikumbuka. Kule kwenye chumba cha jarida Hem aliisoma karatasi ile kwa sauti ya mtoto wa kidato cha kwanza, akiburuza kila neno lililokosewa. Kitambaa kilikuwa kimeandikwa "kitamba", na ofisi imeandikwa "hofisi". Odessa alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Jioni yake alikuja akawasimulia nyumbani wakila.

"Niliiga pale mezani," alisema polepole.

"Uliiga vizuri. Bibi yako alicheka. Na mimi nikacheka."

Bibi Eunetta alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyejua kwa muda gani. Ionie aliingia chumbani kwake akarudi na aproni iliyokunjwa. Mfukoni akatoa karatasi, akaiweka mezani. Ilikuwa na maandishi yake ya penseli, na wino mwekundu wa binti yake juu yake, na katikati mstari mrefu uliopita juu ya aya nzima.

"Niliichukua Jumapili, ulipokuwa kanisani. Niliogopa. Nikaona jinsi ulivyokata." Aligusa ule mstari kwa kidole. "Ukiondoa hapa, anabaki mpishi aliyeona popo akaendelea kupika. Basi. Ndivyo watu walivyosoma."

Odessa aliisoma aya ile tena, pamoja na makosa yake. *Mpishi alikwenda hofisini mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa achuje maji na kitamba. Mara ya pili aliambiwa wageni wa jubilei wanakuja asilete fujo. Mara ya tatu mlango haukufunguliwa.*

"Chomeni hiyo karatasi," Bibi Eunetta alisema. "Mume wa huyu yuko porini anatafuta dhahabu, hata unga haleti. Ionie akifukuzwa kazi tutakula jarida?"

"Nimeshafukuzwa, Mama. Hawajaniambia tu." Ionie alikaa. "Nikinyamaza, mimi ni mpishi mchafu. Nikisema, mimi ni mmbea. Afadhali mmbea."

*

Hem alikuwa anafunga duka Odessa alipofika. Alimwona akaendelea kufunga.

"Ni mama yangu," Odessa alisema. "Ndiye aliyeandika, na ndiye aliyeichukua."

Hem alisimama na kufuli mkononi.

"Baba amenihoji siku tatu," alisema. "Amehesabu mpaka penseli. Uliniita mwizi mbele yake."

"Najua. Nimekosa."

"Na mimi nilidhani umeichoma ili kumwokoa mama yako. Niliwaambia watu wawili." Alikuna shingo. "Nilimwigiza, Odessa. Na mama yako amenilisha miaka yote hii."

Wakafungua duka tena. Waliandika ukurasa mwingine juu ya kaunta, wakibishana kila sentensi, na ile tafakuri ya kwanza wakaitupa. Baba yake Hem aliusoma wote akiwa amesimama, mstari kwa mstari, kama anayekagua noti bandia.

"Huyu mama amekubali jina lake liwekwe?"

"Amesema liwekwe," Odessa alijibu. "Na amesema maneno yake yaachwe kama alivyoyaandika. Tusisahihishe."

Mzee aliwasha mashine. "Karatasi natoa mimi. Wino mtanilipa."

*

Mkutano wa Ijumaa ulifanyika saa kumi kwenye ukumbi wa shule. Wazazi walikuta karatasi kila kiti. Bi. Trotman alipoingia na afisa wa afya wa mkoa, watu walikuwa wamekwisha kusoma, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze.

Karatasi ilisema: *Tumeulizwa tumejifunza nini katika kutengeneza jarida hili. Tulijifunza kukata. Tulikata mashairi marefu, tukakata salamu, na katika ukurasa wa kumi na tisa tukakata aya moja ili picha ienee. Aya hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Tulimcheka mwandishi kwa tahajia yake bila kumjua, na tukamharibia maneno yake tukidhani tunayatengeneza. Tunamwomba radhi yeye, na wote waliosoma tulichobakiza.* Chini yake ilifuata habari nzima, pamoja na hofisi na kitamba, na jina: Ionie Benn, mpishi.

"Hii imetungwa wiki hii," Bi. Trotman alisema. "Mtu amekamatwa anatafuta pa kutokea. Hakuna aliyekuja ofisini kwangu."

Ionie alikuwa safu ya pili, mikono mapajani. Watu waligeuka kumtazama, wakageuka kumtazama mwalimu mkuu, na ilionekana wazi kwamba hawamwamini huyu wala yule.

Karani wa ofisi, mwanamume mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza mkutanoni, alisimama nyuma. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Mara ya tatu alibisha. Niliambiwa nisifungue." Akakaa haraka kama aliyesimama kwa makosa.

Afisa wa afya aliandika kitu. Minong'ono ilianza, na safari hii ilielekea mbele, kwa Bi. Trotman. Mama mmoja aligusa bega la Ionie. Odessa, aliyesimama ukutani na Hem, alianza kutabasamu.

Ndipo aliposimama Marva Adonis. Binti yake Tashana, wa kidato cha kwanza, alilala hospitali siku kumi na moja, na hata sasa alikuwa hajaweza kupanda kilima cha shule. Marva alikuwa na karatasi mkononi.

"Mimi nina swali kwa mpishi," alisema. "Nimesoma. Umekwenda mara tatu, sawa. Wiki tatu zile binti yako wewe alikunywa maji ya hapa?"

Odessa alijua jibu kabla mama yake hajafungua mdomo. Ile chupa. Wiki zile mama yake alimlazimisha kubeba chupa ya maji kutoka nyumbani, na mkate, akasema chakula cha shule kinamnenepesha. Alinung'unika kila asubuhi.

Ionie alisimama.

"Hapana," alisema. "Nilimpa chupa ya nyumbani. Nilimkataza kula hapa."

"Na wetu?"

"Nilichemsha nilivyoweza. Gesi ilikuwa haitoshi. Nilichuja. Halafu nikawapikia."

Yule mama aliyemgusa bega aliondoa mkono wake, taratibu, kama mtu anayeuondoa kwenye kitu cha moto bila kutaka kuonekana.

*

Tangi jipya lililetwa kabla ya Krismasi. Bi. Trotman alihamishiwa ofisi ya mkoa, chumba chenye feni, na wengine wakasema amepandishwa. Ionie hakurudishwa jikoni, wala hakupata barua ya kumweleza kwa nini. Odessa alipata barua yake ya sifa kutoka kwa mwalimu mkuu mpya, mistari miwili, na katika mistari hiyo jarida halikutajwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya mkutano, Ionie na binti yake waliteremka kilima hadi kwenye gati la boti la Mackenzie, jua likiwa bado juu ya miti ya Wismar. Walifika ngazini.

"Ungeweza kusema hukumbuki," Odessa alisema.

"Ningeweza."

"Karani alikuwa ameshakutetea. Kila mtu alikuwa upande wako."

"Nimeona." Ionie alishika pindo la gauni lake akishuka. "Na wewe? Upande wako uko wapi?"

Odessa alikuwa na hasira na mama yake kwa ajili ya Tashana, na alijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na afya njema kwa sababu hiyo hiyo. "Sijui, Mama," alisema.

"Haya. Hilo nalo ni jibu."

Boti ilikuwa karibu kujaa. Mwenye boti alikuwa amekwisha kuvuta kamba wakati Marva Adonis aliposhuka ngazi mbio. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye ubao wa katikati, kando ya Ionie. Marva aliitazama nafasi ile, akatazama mto, akaingia akaketi. Mabega yao yaligusana, na hakuna aliyeweza kusogea.

Walifika katikati ya mto. Marva alisema akitazama mbele.

"Tashana aliniambia siku ile aliyougua aliomba aongezewe. Wali ulikuwa mtamu. Ulimwongezea?"

Odessa alitamani injini ipige kelele zaidi.

"Nilimwongezea," Ionie alisema.

Marva aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa anakijua. Boti iligonga ngazi za upande wa Wismar. Yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza. Hakugeuka nyuma wala hakuaga, ila aliishika ile kamba kwa mikono miwili, boti isicheze, mpaka Ionie akakanyaga jiwe, na binti yake baada yake.